Lenzi yangu ya 50mm f/1.8 ilivyogeuza kibanja cha Ma Adventina kuwa msitu

Wakuu, habari za mchana. Na dada zangu pia, najua mpo humu kimya kimya mnasoma tu.

Nimekaa studio hapa Nkwenda, mvua imenifungia ndani na umeme umekata. Nikaona acha nitoe la moyoni kuhusu lenzi. Sitaongeza chumvi. Sehemu ambayo nitaonekana mjinga, jueni hapo nilikuwa mjinga kweli.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza: "Wakuu, nina kamera ya kawaida, nataka lenzi ya bei nafuu inayopiga vizuri kwenye mwanga hafifu, ninunue ipi?"

Na kila wiki anajibiwa vile vile: "Chukua fifty, f/1.8, hutajuta."

Mimi nilichukua fifty. Nikajuta. Twende taratibu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa watoto wawili. Babu yangu alikuja huku kutoka Tanga na biashara ya vitambaa, akaoa, hakurudi tena. Kwetu wote ni watu wa duka, mimi ndiye niliyekataa kupima vitenge nikashika kamera. Mama yangu mpaka leo akiulizwa binti yake anafanya kazi gani anajibu, "Yupo yupo tu na mapicha yake."

Kazi zangu ni harusi, send-off, kipaimara, passport size, na picha za familia vijijini. Kamera yangu ni ya wanaoanza, crop sensor, yaani yenye kihisi kidogo, pamoja na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, ile 18-55 mnayoiita kit lens.

Nje juani ile lenzi haina shida. Shida ni ndani. Makanisa mengi ya huku madirisha ni madogo, na padri ameshasema hataki kuona flash wakati wa ibada. Basi unapandisha ISO ili kamera ihisi mwanga zaidi, bibi harusi anatoka kama amemwagiwa mchanga usoni. Ukisema upunguze kasi ya shutter, bwana harusi akigeuka kidogo tu anatoka na pua mbili.

Kwa wasiojua, hiyo f/1.8 ni ukubwa wa tundu la lenzi. Namba ikiwa ndogo, tundu linakuwa kubwa, mwanga unaingia mwingi, unapiga chumbani bila flash.

Ila tundu likiwa kubwa, sehemu inayotoka kali kwenye picha, yaani wazi bila ukungu, inakuwa nyembamba sana. Unalenga jicho, vyote vilivyo nyuma vinayeyuka. Ndiyo ile blur ambayo sote tunaililia.

Na fifty ni prime, yaani lenzi isiyo na zoom. Ukitaka mtu awe mkubwa unasogea, ukitaka awe mdogo unarudi nyuma. Kumbukeni hapo kwenye kurudi nyuma.

Nilimaliza kama mwezi YouTube nikiangalia fifty tu. Wazungu wanapiga maua, wanapiga paka, background laini kama uji. Nikasema hii ndiyo yangu, na bei yake ni ya mbuzi, siyo ya ng'ombe.

Nikaenda Kayanga kwa mpiga picha mmoja wa siku nyingi, tumwite Kaka Novatus. Ana studio karibu na stendi. Alikuwa na prime mbili zilizotumika, 35mm na 50mm, zote f/1.8.

Namshukuru, alinifundisha kukagua lenzi ya mtumba. Unawasha tochi ya simu unamulika kwa nyuma, unaangalia ndani kama kuna fangasi, vile vijinyuzi kama utando wa buibui. Huku kwetu unyevu ni mwingi, lenzi ikikaa kabatini mwaka mzima inaota. Pia unaifunga kwenye kamera yako mwenyewe uone kama autofocus inafanya kazi, maana zipo lenzi za zamani hazina mota ndani, na kamera za bei ya chini nazo hazina. Zikikutana hapo unazungusha kwa mkono mpaka harusi inaisha.

Kisha akaniambia, "Dada yangu, kwa kamera hii chukua thelathini na tano. Hamsini itakubana. Crop sensor inakata pembeni, utajikuta unapigia picha nje ya mlango."

Nikamwambia nataka hamsini.

"Basi kit lens usiiache. Utaihitaji."

Mimi huyo, kichwa ngumu, nikamjibu, "Kaka, huko nimeshatoka." Nikamwachia kit lens iwe sehemu ya malipo, nikabeba fifty yangu nikarudi Nkwenda nimejaa kiburi.

Na kusema ukweli wiki za kwanza zilikuwa raha tupu. Nilipiga ndoa moja kanisani bila flash, bibi harusi anatoa chozi, chozi linaonekana. Nikaweka status, simu ikapata moto. Wateja walioniacha wakanirudia.

Ndipo akaja Ma Adventina.

Huyu ni mama mtu mzima wa Kibingo, mjane. Siku ya soko alishuka na bodaboda mpaka studio, amejifunga kitenge kipya, akakaa kwenye benchi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akapumzika kidogo, halafu akanieleza jambo lake bila kuzunguka.

Mwanawe wa kwanza anaitwa Projestus, anafanya kazi Mtwara. Tangu wamzike baba yake hajarudi nyumbani, mwaka wa nne sasa. Mtu mmoja wa ukoo amempigia simu akamwambia kibanja cha baba yenu kimekuwa msitu, mama ameshazeeka hakiwezi, afadhali aondoke kipewe mtu mwenye nguvu. Akamtumia na picha ya simu, amepiga kona ya bondeni kwenye magugu.

Projestus akaingiwa na hofu. Akasema atakuja kumchukua mama yake, akaishi naye Mtwara.

"Mimi Mtwara nikafanye nini, jamani waitu?" akaniuliza. "Nikakae kwenye kochi niangalie televisheni mpaka nife?"

Huyo mtu wa ukoo hakumtaja jina, na mimi sikuuliza. Nilikuwa na picha yangu kichwani.

"Nataka unipige picha ya maana," akasema. "Ya karatasi niweke ukutani, na ya simu umtumie Projestus. Anione nikiwa kwangu."

Kwa wasio wa Kagera niwaambie kidogo. Kibanja si shamba la kwenda na kurudi. Nyumba ipo humo ndani, migomba imeizunguka, mibuni ipo katikati ya migomba, maharage chini, na wazee wenu wamezikwa humo humo. Ukimtoa mama wa namna hii kwenye kibanja chake umemtoa kwa mume wake.

Najua mtasema si wapige video call yaishe. Kule kwake mtandao unashika ukipanda juu barabarani, na hata hapo video inaganda mtu amefumba macho.

Kesho yake nikaenda. Akanikaribisha na buni za kutafuna, halafu akanitembeza. Wakuu, yule mama alinitembeza karibu saa nzima. Nyasi alizotandaza chini ya migomba zimelala vizuri, hakuna udongo unaoonekana. Majani makavu yote yamepogolewa. Milamula, ile mimea ya kuonyesha mpaka, imenyooka pande zote. Kaburi la marehemu limefagiliwa.

"Unaona?" ananiuliza kila hatua.

"Naona, Ma."

Nilikuwa natafuta mwanga, hilo ndilo nililokuwa nafanya. Nikaupata pembeni ya migomba, ule mwanga laini wa kivulini, nikamsimamisha hapo, nikafungua tundu mpaka mwisho, f/1.8, nikalenga jicho la kulia.

Picha ilikuwa nzuri. Sijisifu, ilikuwa nzuri kweli. Kila mkunjo wa uso wake umetoka, macho yanang'aa, kitenge kimewaka. Nyuma yake kijani kitupu, laini, kimeyeyuka chote.

Niliporudi studio nikaisafisha, nikamtumia Projestus, na mimi nikaiweka status. Pongezi zikaanza kumiminika.

Jioni Projestus akajibu. Namnukuu kama nilivyosoma:

"Dada asante, mama amependeza sana. Lakini kweli nimeona mwenyewe, pamekuwa msitu. Nilikuwa sitaki kuamini. Mwambie ajiandae, mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

Mawe, mama yangu wee! Nilikaa chini.

Nikaifungua tena ile picha, safari hii nikaiangalia kama mtu aliye Mtwara mwenye wasiwasi. Alikuwa na haki. Nyuma ya mama yake hakuna mgomba, hakuna mbuni, hakuna kaburi. Kuna kijani. Kijani kile kinaweza kuwa kibanja kilichotunzwa, kinaweza kuwa pori lenye nyoka. Saa nzima nimetembezwa, nikaambiwa unaona, nikasema naona, halafu nikavifuta vyote kwa makusudi ili nipate likes.

Nikamwandikia kumweleza kwamba ni lenzi ndiyo inafanya hivyo. Akajibu kwa heshima, "Sawa dada." Mnaijua ile sawa ya mtu aliyeshaamua.

Asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Kibingo na picha ya karatasi kwenye bahasha. Njia nzima natafuta maneno. Nikafika, nikamweleza kila kitu, sikuficha. Nilitaka anifokee nipumue.

Hakufoka. Alitoa picha kwenye bahasha, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Nimependeza," akasema. "Lakini hapa ni wapi?"

Nikanyoosha kidole pale nilipomsimamisha jana.

"Hii itunze vizuri. Hii ni ya kuweka juu ya jeneza. Sasa nipige ya mtu anayeishi."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Na yeye wala hakuwa na hasira, alishaanza kufagia pale kaburini upya.

Basi nikaifunga fifty yangu kwenye kamera, nikabana tundu mpaka f/8. Ndiyo, prime ya f/1.8 inabanwa kama lenzi nyingine yoyote, sijui nani alituroga tukadhani ni dhambi. Nyuma kukaanza kuonekana. Tatizo likawa upana.

Ninarudi nyuma, mgongo unagonga mgomba. Ninahamia upande mwingine, ninarudi, kisigino kinaingia kwenye shimo la taka, Ma ananidaka mkono. Ninarudi kwa upande wa jikoni mpaka ukuta unanizuia. Kwenye kioo cha kamera naona Ma, kipande cha kaburi, na migomba mitatu.

Nikamwonyesha. Akaangalia akaguna.

"Mwanangu, hii migomba mitatu hata mtu mvivu anayo."

Hapo nikamkumbuka Kaka Novatus na maneno yake. Kit lens kwa upana wake ingenitoa kwa sekunde moja tu, na niliiacha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kesho yake nikawa Kayanga. Kit lens alishamuuzia mtu. Nikamsimulia yote, kuanzia status mpaka jeneza. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alitoa ile 35mm kabatini, akaifuta, akaniambia tubadilishane, fifty kwa thelathini na tano, kwani ana kazi za picha za sura na itamfaa. Akaniongezea na tripod ya kuazima.

"Nenda na hii," akasema. "Bana mpaka kumi na moja. Na uwe na subira, upepo ukipita majani yatacheza."

Nikafika Kibingo asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na majani yote safi. Sikutoa kamera. Safari hii nilimwomba Ma anitembeze tena, kisha nikamuuliza anataka nini kionekane.

Akahesabu kwa vidole. Kaburi la mzee. Nyasi. Mibuni ya juu. Mlamula wa mpaka, kwa sababu huyo mtu wa ukoo anapenda sana huo mpaka. Na paa la nyumba.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi hata nikiwa mdogo si neno. Ananijua."

Nikaomba kiti, nikasimama juu yake kwenye kona ya uwanja, tripod nimeinyoosha yote. 35mm, f/11, ISO ya kawaida. Kwa sababu ni kivulini, shutter ikawa ya polepole, hivyo tukawa tunasubiri upepo utulie. Ma amesimama kando ya kaburi na kisu chake cha kupogolea mkononi, ananiuliza, "Bado?" Namwambia bado. Upepo ukatulia, nikabonyeza.

Ile picha nisingeiweka status hata kwa kulipwa. Kila kitu ni kikali. Nyasi moja moja. Majani ya mgomba mpaka mishipa. Kuku kapita chini amesimama mguu mmoja, naye mkali. Ma Adventina ni mdogo katikati ya vitu vyake vyote.

Nikamwonyesha. Aliiangalia, akaanza kutaja kimoja kimoja kwa Kinyambo, lugha yake ya nyumbani, polepole.

Tukapanda wote mpaka barabarani kwenye mtandao, nikaituma. Tiki mbili. Zikawa za bluu.

Dakika kumi zikapita. Ma amekaa ukingoni mwa barabara, anasalimiana na wapita njia kama hana habari, ila vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua upindo wa kitenge. Nilijua tukishindwa hapa, yule mama anahama, na mkono wangu umo.

Simu ikaita. Nikaweka loudspeaker.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, mgomba wa pili kulia, nyuma ya kaburi la baba. Mkungu umeuelemea, umeinama. Uuwekee nguzo kabla haujaanguka."

Ma alifumba macho.

"Nguzo ninazo," akasema. "Mikono ndiyo imepungua. Njoo uiweke mwenyewe."

Sauti ya Projestus ikabadilika kidogo.

"Nakuja mama. Mwisho wa mwezi, kama nilivyosema."

Hakusema anakuja kumchukua, na hakusema hamchukui. Ma alinirudishia simu, akashuka zake kwenda kuweka maharage jikoni.

Projestus alikuja, Ma akatukutanisha. Aliweka nguzo, alifyeka ile kona ya bondeni, alimtembelea huyo mtu wa ukoo wakaongea mlango umefungwa. Siku ya kuondoka nilimwona stendi ya Nkwenda, amebeba mkungu wa ndizi umefungwa kwa majani makavu. Nilitazama nyuma yake, kushoto kwake, ndani ya basi. Alikuwa anaondoka peke yake. Akaniona, akanipungia mkono, mimi nikaingia studio nikalia kidogo, halafu nikanawa uso nikampiga mteja passport.

Sasa wakuu, mnaotaka lenzi.

Kama una crop sensor na unafanya kazi kwenye nyumba na makanisa yetu, anza na 35mm f/1.8. Fifty ni tamu kwa sura, inunue baadaye. Mulika fangasi, jaribu autofocus. Watu wawili wakisimama pamoja bana mpaka f/2.8 au zaidi, la sivyo mume anatoka wazi na mke anatoka kama mzimu, na kesi hiyo usiniletee mimi. Na kit lens yako, hata ukiidharau, usimpe mtu.

Hayo ya vifaa. Langu mwenyewe ni dogo. Siku hizi kabla sijafungua tundu namuuliza mteja, "Nyuma yako kuna nini unachotaka kionekane?" Wengine wanacheka, wanasema hakuna kitu, weka blur. Ila juzi baba mmoja aligeuka, akaangalia nyuma yake muda mrefu kabla hajanijibu.

Wenye 35, wenye 50, wenye kit lens za watu, uwanja ni wenu. Na kama kuna aliyewahi kumharibia mtu jambo kwa picha nzuri, aseme, nisiwe peke yangu.